Kibanda cha Kutazamia Heroe

Jumatatu, 14 Julai
Asubuhi ziwani tena, upande wa Mwankoko. Upepo uleule. Vumbi na chumvi mdomoni. Nimepima nafasi kati ya mawe mawili makubwa ya ufukoni, kisha nikakaa kuwatazama heroe na miguu yao mirefu. Ufuko mzima rangi ya waridi. Kikundi cha utalii cha akina mama wa hapa kimenipa kazi: kibanda cha wageni kutazamia ndege bila kuwasumbua. Jengo langu la kwanza peke yangu. Naogopa kuliko ninavyoonyesha.

Jumanne, 15 Julai
Nimemwonyesha Baba michoro. Tembe dogo, paa la udongo, fupi kama yale ya Wanyaturu wa zamani. Baba anauza bati mjini. Alitaka ghorofa na paa jekundu, lionekane kutoka barabara kuu. Ameshatangaza soko zima kwamba binti yake anajenga ziwani. Akaniuliza kwa upole kama nimekosa vifaa. Nilikasirika, nikaacha chai mezani.

Alhamisi, 17 Julai
Kikao na kikundi. Mambo yameharibika. Mama Neema, mwenyekiti wao, aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Injinia, sisi tumehangaika mpaka tukatoka kwenye tembe. Leo unaturudisha, wageni waje kutupiga picha?"

Akina mama wakaguna. Wanataka mnara, tena wa bati. Mimi nimekulia mjini, Mandewa, chini ya bati. Tembe kwangu ni pambo. Kwao ni mvua kuvuja kitandani. Wana haki, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumatatu, 21 Julai
Tumejaribu urefu wa mnara. Nguzo nne, bati mbili kutoka dukani kwa Baba. Wazo langu, ili tuone kabla ya kujenga. Jua likapiga bati, upepo ukazigonga. Heroe wakaruka. Wote. Mama Neema alishika kichwa. Tulizishusha haraka, lakini ufuko ulishabaki mtupu.

Jumanne, 22 Julai
Ziwa tupu. Wasiporudi hakuna kibanda, hakuna wageni, na mimi nitakuwa yule aliyefukuza heroe. Sijamwambia Baba.

Jumamosi, 26 Julai
Wamerudi! Wachache, ng'ambo kule, lakini wamerudi. Nimechora upya. Hakuna paa, hakuna mnara. Ukuta wa mawe ya hapahapa kati ya yale makubwa mawili, unaishia kifuani kwa mtu aliyekaa. Benchi la mawe nyuma yake. Basi. Mama Neema kacheka: "Hiyo siyo nyumba, kwa hiyo haituaibishi." Wamekubali wote. Nimefurahi mno, halafu nikamkumbuka Baba. Watu wa soko atawaonyesha nini?

Ijumaa, 26 Septemba
Tumemaliza juzi. Leo Baba amekuja baada ya swala, kanzu bado mwilini, viatu vimejaa mchanga. Nilitembea nyuma yake. Alipofika kwenye yale mawe akaegemea apumzike. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Sasa mwanangu, jengo lenyewe liko wapi?"

Nikamwambia ameliegemea.

Nilidhani atacheka. Akapapasa ukuta taratibu, jiwe moja, la pili. Kisha akavua kofia upepo usije ukaipeperusha, akakaa kwenye benchi. Nikakaa kando yake. Heroe walikuwa karibu kabisa, wanakula, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.