Mistari Iliyogeuka Nyekundu

Garissa, Jumatano, Machi 1998

Joto la leo halina adabu. Tangu zile mvua zikatike mji umekauka tena kama haujawahi kuona maji, na mimi nimekaa chumbani mlango wazi, upepo hakuna, nikijaribu kuandika. Si joto linalonisumbua. Nimeshtuka. Nimeshtuka tangu asubuhi na mpaka alasiri hii moyo haujanitulia.

Naandika kwa Kiswahili, lugha ninayofundisha shuleni, kwa sababu humu nyumbani hakuna anayekisoma. Leo nahitaji hivyo.

Ni habari ya Abti Gedi, kaka yake mama. Mimi namwita abti na yeye ananiita abti vilevile, ndivyo tunavyoitana kwetu, mjomba na mpwa. Abti hajui kusoma, lakini kichwani ana mashairi ambayo sidhani kuna sanduku la kuyatosha. Hayakutungwa na yeye. Kwetu mtunzi ni mtu mmoja na mbebaji ni mtu mwingine. Mbebaji, kabla hajafungua shairi, lazima aseme: maneno haya ni ya fulani bin fulani, aliyasema kwa jambo fulani. Kisha hapunguzi neno wala haongezi. Akiongeza, ni mwongo, na mwongo wa shairi haaminiwi popote.

Abti anaaminiwa kila mahali. Watu wakigombania kisima humwita yeye aseme wazee walipatana nini. Neno lake linamaliza kesi. Hana mali nyingine ya kutajika, mzee wa watu, ila hiyo ya kuaminiwa.

Sasa kuna hiki kitabu cha mashairi anayoyabeba. Ofisi moja hapa mjini imetupa kompyuta tuitumie asubuhi, na fundi wake, Mutua, kijana mpole kutoka Machakos, ananifundisha. Abti anaghani, mimi napiga chapa. Kesho kuna mkutano ukumbini: Abti ataghani mbele ya wazee, kisha karatasi zipelekwe Nairobi zikachapwe. Mhariri wa huko ameshaandika na utangulizi. Amelisifu zaidi shairi la ngamia jike aliyekufa kwa kiangazi, la mtunzi mmoja wa Eldas aliyefariki zamani sana, na ndani yake amechagua mistari ya karibu na mwisho. Anasema hapo ndipo mtunzi amefika kileleni. Hata mimi naipenda hiyo mistari. Kila Abti akiifikia, watu humkatiza, wanamwambia arudie.

Nilichofanya ni ujinga wa majivuno. Mwalimu mwenzangu alisema juzi, mbele ya wote, kwamba kumbukumbu za wazee hazifai kuitwa fasihi, maana kila siku zinabadilika. Niliwaka. Nikatafuta kanda ya zamani, Abti akighani shairi lilelile mimi nikiwa bado msichana mdogo wa madrasa. Nikaipata kwa muuza kanda sokoni, imechakaa lakini inasikika vizuri. Nikaipiga chapa neno kwa neno. Mutua alikuwa ameniambia kompyuta inaweza kuzilaza karatasi mbili pamoja na kutia rangi nyekundu chochote kilichomo kwenye moja na kisichomo kwenye nyingine.

Nikamwita Abti aje ajionee ushindi wake. Mwenyewe nilimwita. Nilimwekea hadi kiti.

Mutua akabonyeza. Maneno meusi, meusi, meusi tupu, miaka yote hiyo na mzee hajayumba. Nilikuwa nacheka kwa sauti. Mutua anapiga makofi.

Kisha ikaja nyekundu.

Haikuwa neno moja. Ni kipande kizima, karibu na mwisho. Ni ileile mistari ya mhariri.

Nilidhani kanda ilikatika. Nikaisikiliza tena pale pale, nimebana kinasa sauti sikioni. Haikukatika. Shairi la zamani linapita pale bila kusita, linaenda zake mpaka mwisho. Mistari ile haikuwepo. Na sisi tunavyotunga, kila mstari lazima ubebe sauti ileile ya herufi iliyochaguliwa mwanzoni, na hiyo mistari inaibeba vizuri kabisa, ndiyo maana hakuna sikio lililoishuku.

Nikaisoma upya, safari hii kwa macho. Inataja kibuyu cha maziwa kinachoning'inia bila mtu wa kukifukiza moshi. Inataja mkeka uliosukwa nusu. Inamtaja mwanamume anayerudi kutoka kisimani na habari mdomoni, na hakuna wa kumpa.

Ngamia hafukizi kibuyu. Ngamia hasuki mkeka. Jamani, nimefundisha ushairi miaka yote hii na sikuliona hilo!

Mke wa Abti, Dahabo, ndiye aliyenilea mama alipoumwa. Alifariki nikiwa kidato cha pili, na kanda ile ni ya kabla ya hapo. Mkeka wake wa nusu bado uko nyumbani kwa Abti. Amekataza mtu kuumalizia. Mimi mwenyewe huukung'uta vumbi.

Abti aliiona ile rangi. Akaniuliza ni nini. Nikamweleza kwa Kisomali, polepole, bila kumtazama. Abti akamgeukia Mutua na Kiswahili chake cha mnada wa mifugo.

"Wewe kijana, hii mashine nikitoa maneno, natoka kabisa, ama nabaki kidogo ndani?"

"Ukifuta imefutika, mzee."

Akaniambia nifute. Nikafuta. Akaniambia nimsomee shairi bila mistari ile, nami nikasoma, na nilipopita pale penye pengo nikaona midomo yake inacheza. Mimi nilishakuwa kwenye mwisho, yeye bado yuko kwenye mkeka.

"Abti," akaniambia, "fungua karatasi nyingine. Andika. Maneno haya ni ya Gedi Warsame. Aliyasema kwa ajili ya Dahabo Nuur, alipomkosa."

Akaighani yote. Sijawahi kumsikia akitaja jina lake pale panapotajwa mtunzi. Nilikuwa napiga chapa na machozi yanaanguka juu ya herufi, Mutua haelewi neno hata moja, anauliza kama mashine imeharibika.

Nikamsihi. Nikamwambia tunaojua ni sisi wawili, kanda naweza kuitia moto, kesho aghani kama kawaida. Nikamkumbusha kesi ya kisima inayomngoja mwezi ujao. Nikamwambia akisimama mbele ya wazee wale na kukiri kwamba alitia maneno yake kinywani mwa maiti, hawatauliza aliyatia kwa nini.

"Nilimpa marehemu mzigo wangu aubebe," akasema. "Ameubeba vya kutosha."

Akachukua bakora yake akaondoka. Ukumbini atasema mwenyewe, ndivyo alivyoamua.

Hasira yangu sijui niielekeze wapi. Mashine haikukosea. Ilifanya nilichoiagiza, na kwa dakika moja imesoma kuliko mimi, kuliko mhariri na utangulizi wake, kuliko wote waliolia wakisema arudie. Lakini haikujua imesoma nini. Kwake mgane anayelia ni tofauti kati ya karatasi mbili, basi. Nimeogopa. Ni mashairi mangapi yamebebwa hivi, kila mbebaji akificha ndani msiba wake mdogo, na sasa yote yatatiwa nyekundu?

Na je, nimemvua nguo mzee wangu, au nimempa jina lake? Nahisi yote mawili.

Kesho nitakaa nyuma, upande wa wanawake, ambako hatutarajiwi kupaza sauti. Atataja jina lake. Atalitaja la Dahabo. Ataghani ile mistari, na safari hii ninaogopa kwamba ukumbi mzima utanyamaza kimya. Wakinyamaza, nitasimama mimi, nimwambie arudie.