Tangi Lililonizuia Kumzika Mama

Chumba cha Nyuma,
Jikoni, Hospitali.
9 Agosti

Mpendwa Dada,

Hujambo? Kifua kimetulia? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia tangu nisome barua yako. Umeniuliza swali moja tu: mtoto gani hamziki mamake? Nakujibu.

Kazi yangu unaijua: kulisha lile tangi la gesi nyuma ya jiko. Maganda, mabaki ya chakula na samadi huozea humo, na gesi yake ndiyo inayowapikia wagonjwa mia mbili. Kwa kuwa mimi ndiye fundi pekee, nilijidai kweli. Kumbe nilikuwa napanda mchongoma!

Ile asubuhi uliponipigia kwamba Mama hatunaye, nilifunga begi, nikashika mlango. Mpishi mkuu akaja mbio, mwiko mkononi.

"Fundi, moto umezimika!"

Nilipofunua tangi, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ikanipiga usoni. Mtu alikuwa ameimwaga kwenye pipa la mabaki. Vile vijidudu vinavyotengeneza gesi vilikuwa vinakufa, na kuni zilizokuwepo zilitosha uji tu.

Msimamizi wa hospitali hakunikataza. Alisema, "Nenda, dada. Ila nionyeshe unamwachia nani."

Nikatazama huku na huku. Hakukuwa na mwingine aliyelijua tangi.

Nikavua viatu vya safari, nikavaa vya mpira. Mimi na wapishi tulichota uchafu ndoo kwa ndoo, tukatia samadi mbichi, nikalilisha kidogo kidogo kama mtoto aliyetoka kuharisha. Siku ya tatu, saa nane mchana, saa ile ile mliyokuwa mnamfukia Mama, nilikuwa nimepiga magoti jikoni na kiberiti. Moto ukashika, wa buluu. Wapishi wakapiga makofi. Mimi nikalia, wakadhani ni furaha.

Dada, tangu siku hiyo sipumui. Juzi nilipeleka barua ya kuacha kazi. Msimamizi akaisoma, akaikunja, akanirudishia. "Na wagonjwa watakula nini?" Nikaitia mfukoni. Leo nimelisha tangi kama kawaida.

Sikuombi unisamehe. Niandikie tu Mama amelala upande gani wa makaburi, ili siku nikipata mwanya nisiulize njia kwa watu baki.

Nisalimie Shemeji, Shangazi Mcheshi na kitinda mimba wako, Kidevu. Mungu awafunike kwa mema.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia.

Fundi Gesi