Mathayo Kwenye Kiti cha Kaka Mkuu

Alhamisi jioni, chumba cha kompyuta. Joto limekazana, mvua haioneshi dalili, na mimi nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi. Blogu hii anaisoma dada yangu wa Sikonge na watu wengine wachache, kwa hiyo nasema yote.

Asubuhi tulikuwa tunapiga picha za kitabu cha mahafali ya kidato cha nne. Mpiga picha wa klabu ya picha ya shule ni mimi. Safu ya mbele, kiti cha katikati ni cha kaka mkuu, Kulwa. Mathayo akakikalia yeye, akakunja nne.

"Mpagazi hakai," akamwambia Kulwa. "Mpagazi anabeba. Hebu nibebe nipigwe picha!"

Uwanja mzima ukacheka. Mathayo ni Mgogo, Kulwa Mnyamwezi. Ni watani, kama walivyokuwa babu zao tangu enzi za misafara, Wanyamwezi wakikatiza Ugogo na mizigo begani. Huku kwetu mtani atakutukana hata msibani kwenu, na kununa huruhusiwi. Kwa hiyo Kulwa naye alicheka, huku anavua mkanda wa suruali. Pigo la kwanza likatua begani. Mathayo akacheka. Nami nilicheka, picha ile imetikisika kwa sababu hiyo.

La pili aliugeuza mkanda, chuma kikawa mbele.

Mathayo alianguka na kiti chake. Kulwa akamkalia kifuani, akawa anampiga usoni, chuma kwenye jicho, chuma kwenye shavu, shati jeupe likalowa damu mpaka mfukoni. Bado watu walikuwa wanacheka! "Watani hao, waacheni wenyewe!" Ukiwaamulia watani unaonekana mshamba usiyejua mila. Mimi sikucheka tena, ila sikuingilia. Nilibonyeza tu, nikabonyeza tena.

Mathayo akapapasa chini, akapata tofali tuliloegemezea benchi, akambamiza Kulwa mdomoni. Meno yalitoka. Hapo ndipo watu wakapiga kelele za kweli, na hapo ndipo mwalimu mmoja wa zamu akatoa simu yake.

Hiyo picha yake moja, Mathayo na tofali, imeshazunguka kwenye magrupu ya wazazi. Kesho kuna kikao cha nidhamu. Wanataka kumfukuza shule, na mtihani wa taifa uko mlangoni. Kulwa ameshonwa mdomo, yuko kwao Kanyenye, na wazazi wake wanasema mtoto wao alikuwa anatania tu.

Mchana mwalimu wa klabu aliniita. Ndiye aliyenifundisha kushika kamera, namheshimu kama baba. Akazitazama picha zangu zote, moja baada ya nyingine.

"Binti yangu, za mwanzo zifute. Bakiza ya tofali."

"Lakini Mwalimu, haikuanzia kwenye tofali."

"Utani ni utani. Unataka kuiaibisha shule mbele ya wazazi? Nikirudi nikute umefuta."

Nikaitikia, "Sawa, Mwalimu." Ningekuwa na tofali, sijui.

Jioni nilifuatana na matroni kumpelekea Mathayo nguo hospitali. Jicho la kushoto limefungwa, na daktari hajasema kama litaona. Akanitazama kwa la kulia.

"Dada, kwenye picha zako nilicheka?"

"Mwanzoni ulicheka."

"Basi watasema nilikubali."

Nilitoka nje nikapiga teke ukuta. Kidole gumba kimevimba na bado nina hamu ya kupiga kitu kingine.

Nikawaza, si nifute ile moja tu, anayocheka? Ingemsaidia, na hakuna ambaye angejua. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Lakini nikiifuta hiyo, nina ubavu gani wa kumlaumu mwalimu? Yeye naye anataka kufuta zinazomsumbua. Sikufuta hata moja. Acha waone Mathayo alivyocheka, halafu waone alichofanyiwa huku anacheka.

Kesho kabla ya kikao naingia ofisini kwa mkuu wa shule mwenyewe na kadi ya kamera. Naogopa, nisidanganye. Nikinyang'anywa kamera, basi.

Maelezo ya kila picha nimeshayaandika, vilevile kama tunavyoandika kwenye kitabu cha mahafali: majina yote, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kuruka mtu. Kwenye ile ambayo Mathayo yuko chini na mkanda uko juu hewani, wa kwanza kushoto, anayepiga makofi, ni mwalimu wa klabu.