Shimo la Dashibodi

Jumamosi, 3 Juni 1972

Tata ameamua: redio ya gari ibadilishwe. Si breki, ambazo kila mteremko wa kwenda Muleba humfanya asali kwa sauti — redio! Ile iliyokuja na Peugeot tangu kiwandani haimfai tena. Inachelewa kupata moto, kisha inakoroma, na taarifa ya habari husikika vizuri pale tu pua ya gari inapoelekea ziwani. Mimi naipenda. Angalau haijifanyi.

Mpya imeletwa na Nathanieli, karani wa mizigo bandarini Bukoba. Imeshuka melini, imetoka Kisumu, ina mdomo wa kumeza kaseti. Zawadi, anasema. Kwa nini kijana asiye ndugu ampe baba yangu zawadi kama hiyo? Tata hakuuliza. Juzi tu, yeye balozi wa nyumba kumi, aliwahubiria majirani kwamba anasa ni adui wa kujitegemea. Nilimkumbusha. Akasema redio ni chombo cha kuelimisha umma.

Kaseti yenyewe iko moja. Rumba.

Jumapili, 4 Juni

Nathanieli amekuja kuifunga mwenyewe. Suruali ya bugaluu, viatu vya soli nene — na hivyo ndivyo anavyolala chini ya usukani. Amekuja na baba yake mdogo, mzee Rugaibula, ambaye hakugusa hata waya. Alikaa kiti cha nyuma, mlango wazi, akitafuna akamwani, kahawa ya wageni, ambayo Mama alimpelekea katika kikapu kidogo. Mzee mzima atoke Bukoba hadi Kamachumu kutazama bisibisi?

Kabla ya kuanza, Nathanieli aliinama mbele ya Tata, na badala ya Kihaya akatumia Kiswahili.

"Tata, leo nimekuja kufunga."

"Funga, mwanangu," Tata akajibu. "Wewe funga tu."

Rugaibula aliacha kutafuna. "Amesema funga," akarudia polepole, kama yuko barazani. "Nimesikia."

Mpya ni pana kuliko ya zamani. Basi dashibodi ikakatwa kwa msumeno wa chuma, kuku wakakimbilia migombani kwa ile kelele. Sasa ukingo umepinda kama mdomo wa mtu aliyeng'olewa jino. Na ukiwasha kaseti, honi inalia. Waya kidogo tu, anasema fundi wetu.

Jumatano, 7 Juni

Tata amezunguka na rumba yake hadi Muleba na kurudi. Vioo vyote chini, vumbi lote ndani. Kwa sababu ya honi, watu wanapisha njiani na kupiga vigelegele wakidhani ni harusi. Mama alicheka aliposimuliwa. Kisha akanitazama, akarudi jikoni.

Jioni redio ikaumeza mkanda. Nathanieli alikuwa "anapita njia". Kutoka Bukoba, anapita kwenda wapi? Akaniomba penseli ili auzungushie mkanda. Ni mara ya kwanza namwona ameshika penseli. Akaniambia kwake mjini kuna umeme, nikifika sitaharibu tena macho kwa kusoma.

Nikifika kwake? Nimemwambia Julai naenda Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Akanijibu taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu, kwamba Tata amekwisha kumruhusu afunge.

Nilidhani anazungumzia honi.

Alhamisi, 8 Juni

Nimemwuliza Mama. Hakuinua kichwa, aliendelea kugeuza kahawa kwenye jamvi. Ndiyo. Upande wa Nathanieli wanasema neno limetoka. Zawadi imepokewa, akamwani imetafunwa, shahidi alikuwepo. Jumapili wanakuja kupanga siku.

Kufunga redio. Kufunga ndoa. Ndiyo maana aliacha Kihaya! Kwa Kihaya hayo ni maneno mawili yasiyofanana hata kidogo, angelazimika kunitaja.

Nikaenda kwa Tata. Anajua — tangu Jumatatu anajua. Anasema hakuwa na maana hiyo. Basi airudishe redio, aseme hakuelewa. Hawezi. Yeye ndiye anayewatafsiria majirani hotuba za chama. Atawezaje kumwambia Rugaibula kwamba Kiswahili kilimpiga chenga? Hicho ndicho kinachomuuma. Si mimi. Kiswahili chake!

Nimelia kidogo. Kwa hasira, si kwa huzuni. Niandike hivyo hata kama si kweli yote.

Jumapili, 11 Juni

Wamekwenda misa ya kwanza kwa miguu. Tata anaionea haya honi. Mimi nimebaki na "kichwa kinauma". Nikachukua bisibisi.

Imetoka kwa urahisi wa aibu. Skrubu mbili na maneno mengi, hivyo tu ndivyo vilivyokuwa vimeishika. Honi ililia kwa kifupi nilipochomoa waya, ikanyamaza. Nikairudisha ile ya zamani — haikai. Shimo ni kubwa, inapita, inaangukia kwenye pedali. Nimeibana kwa gazeti, nimeibana kwa kitambaa. Inaning'inia kwa waya zake kama mbuzi wa buchani.

Mpya nimeifunga — hapana, nimeiviringisha — kwa khanga, nikaiweka kikapuni, juu ya meza ya sebule, mbele ya kiti atakachokalia Rugaibula.

Tata alirudi, akakiona kikapu. Akatoka moja kwa moja hadi garini, akakaa kwenye usukani, mlango wazi. Nilisimama kando nikingoja matusi. Aliingiza mkono ndani ya lile shimo, akaupapasa ukingo uliopinda.

"Na hili, Jovita," akasema bila kunitazama, "tutaliziba na nini?"

Tutaliziba. Hakusema utaliziba. Nimelishika neno hilo. Mimi pia naweza kuwa shahidi.

Baadaye

Wamefika. Naandikia chumbani, ukuta mmoja tu kati yetu. Nathanieli anasifu mavuno. Watu wote wanasema Kiswahili, kizuri, cha mikutano. Mama ananiita nipeleke akamwani, sijaenda. Kikiwa mkononi mwangu kikapu kile kidogo, nami nitahesabiwa kuwa nimejibu.

Rugaibula anauliza kikapu hiki kikubwa mezani ni cha nani.

Mama ananiita tena. Kiti cha Tata kimelia, amesimama. Anakohoa. Ameanza kusema — kwa Kihaya.