Jani la Wifi Chini ya Taa Mbili

Jumanne, 3 Juni

Majani kumi na tisa tayari, yamebaki kumi na mawili. Jumla thelathini na moja – jani moja kwa kila mtu wa mama mkwe, kuanzia watoto wake wanne hadi kitukuu aliyezaliwa juzi juzi. Shina ni yeye mwenyewe, Mungu amrehemu. Hata ubao ni wake: ule wa kichwani wa kitanda alicholalia miaka arobaini. Wifi yangu ndiye aliyeuleta, kauzungushia shuka kama kabeba mtoto. Alipoutua mezani kwangu akaniuliza, "Lakini wifi, unaona vizuri?"

Nikamjibu: kama mwewe!

Uongo mtupu. Msumeno wangu wa nakshi ni wa umeme, uwembe wake mwembamba kama uzi, unapanda na kushuka palepale. Kinachotembea ni ubao. Mikono inasukuma, macho yanaongoza. Na macho yangu tangu mwaka jana yananichezea. Asubuhi naona mstari mmoja. Ikifika saa nane mchana naona miwili, nachagua wangu.

Nimweleze yeye? Mwanamke aliyesimama mbele ya watu siku ya harusi yangu akasema kaka yake ameoa msumeno! Ukumbi mzima ulicheka. Miaka ishirini na sita imepita na bado nikimwona nakaza mgongo.

Jumapili ya tarehe 15 wote wanakuja kuutundika mti ukutani. Ubao ni mmoja. Hakuna wa akiba.

Jumatano, 4 Juni

Nimelikata. Mungu wangu, nimelikata!

Jani la wifi. Kati ya majani yote – la wifi! Limekaa peke yake kwenye ncha ya tawi la kulia, maana yeye hakujaliwa mtoto. Tulipokuwa tunachora alisema lake liwe dogo tu, lisizibe wengine. Nikalichora dogo, kikonyo chake kama kijiti cha kiberiti. Leo nimeufuata mstari vizuri kabisa, roho imetulia, kumbe nilichokuwa nafuata si mstari. Ni nini, sijui. Nilisikia tu tik, jani likaangukia kwenye unga wa mbao.

Nililitafuta kwa vidole kwa sababu kwa macho sikuliona.

Nimelibandika kwa gundi, nimelibana, nimefuta. Ukisimama mbali huoni kitu. Ukisogea karibu – mimi hata nikisogea sioni, kwa hiyo sijui! Atasema nimefanya makusudi. Atasema nimemtoa kwenye mti wa mama yake. Mume wangu kauliza mbona sili. Nikamwambia joto.

Ijumaa, 6 Juni

Kosa ni la taa, si la macho. Nimeamua hivyo. Balbu moja upande wa kulia, ya tangu enzi hizo, manjano kama mafuta ya kupikia. Nimekwenda dukani.

Muuza taa ana mdomo huyo! Eti mama, hii ukiiwasha hata sindano iliyopotea inajitokeza yenyewe. Nikamwambia nataka kali kuliko zote. Akanipa.

Nimeifunga juu ya msumeno. Kumekucha! Lakini karatasi ya mchoro iliyobandikwa kwenye ubao nimeifunika kwa utepe wa plastiki ili isichanike, na utepe nao ukang'aa kama kioo cha gari juani. Mstari wote umemezwa na mng'ao. Natazama, machozi yanatiririka.

Halafu jambo la kutisha. Msumeno ulikuwa unakwenda, naisikia mota, ila chini ya taa ile uwembe nikauona umesimama. Umesimama kabisa! Nikapeleka kidole kupangusa vumbi. Kilichoniokoa ni ubao kutetemeka. Nimezima kila kitu nikaenda kukaa uani na kuku wa jirani.

Jumamosi, 7 Juni

Leo kioo cha kukuza. Kikubwa, kizito, kinakuza mara kumi. Kinaonyesha! Nimeona nyuzi za mbao kama barabara za mji. Tatizo: ili nione inabidi pua iwe karibu kuguswa na uwembe. Na naona eneo dogo tu, kama ukucha, sijui kona inakuja lini. Nimejaribu kwenye plaiwudi. Jani la kwanza limetoka kama sikio. La pili afadhali nisiseme.

Wakati naokota vipande, mume wangu kasimama mlangoni na chai. Kasema polepole, kama mtu anayepita kwenye maji asilowe, kwamba amempigia dada yake. Wifi anashinda akitengeneza saa za watu, vidude vidogo kuliko punje ya mchele, na ana miaka hamsini na tisa, na hajawahi kulalamika macho. Atakuja Jumatatu.

Nikamuuliza nani kamtuma. Akasema hakuna, kajituma. Nikamwambia aache chai aondoke. Kaacha. Ilikuwa na sukari ninavyopenda, na hilo ndilo lililozidi kunikera.

Jumatatu, 9 Juni

Wifi kaja saa tatu na mkoba wake wa kazi. Hakusalimu ubao, kasalimia taa. Kaitazama, kachukua penseli, kaipunga upesi upesi chini yake. Nikaona penseli kumi zimepangana!

"Umeona? Hii inawaka na kuzimika, ila upesi mno jicho halishtuki. Kwa hiyo na kitu kinachokimbia kinaonekana kama kimelala. Wifi, hii itakukata kidole huku unaichekea."

Sikumwambia kwamba ilibaki kidogo.

Kaizima. Kawasha balbu yangu ya zamani, akaniambia nikate plaiwudi yeye akitazama. Nimekata urefu wa vidole viwili hivi, kanishika bega. "Simama hapo. Unafuata nini?" Nikasema mstari. Kachukua kibano chake, kagusa karatasi kwa ncha. "Mstari huu hapa. Huo unaoufuata ni kivuli cha uwembe."

Nikainama. Ni kweli! Taa moja kulia, kivuli kinalala kushoto, chembamba, cheusi, kimekaa sambamba na mstari kama ndugu pacha. Mwaka mzima natafuta ugonjwa wa macho, kumbe nakimbizana na kivuli! Yeye alifundishwa hivyo akiwa mwanafunzi, anasema: kabla ya kulaumu mkono, tafuta kivuli kimelala wapi. Kila asubuhi kabla hajafungua saa hata moja anasimamisha pini juu ya karatasi nyeupe, anasogeza taa mpaka kivuli kife. Kila asubuhi! Miaka thelathini na kitu! Mimi nilidhani mafundi saa wanakaa tu wanachokonoa.

Halafu kanitazama machoni, yamekuwa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu. Kasema nenda ukalale dakika ishirini, kitambaa cha maji usoni, usifumbue mpaka nikuite. Nikakataa. Akasema yeye hufanya hivyo kila baada ya saa moja na hana aibu. Nikaenda.

Nililala roho juu. Yuko peke yake na ubao! Nasikia droo inafunguliwa, kimya kirefu, halafu kanyundo kadogo: tik, tik, tik. Anafunga taa, nikajiambia. Na kweli aliponiita nikakuta taa mbili ndogo kutoka kibanda chake cha saa, moja kulia, moja kushoto, zote chini usawa wa meza, kila moja kaivisha karatasi nyeupe ya kupunguza ukali. Mwanga wa saa nne asubuhi. Nikatazama uwembe: kivuli hakuna. Mng'ao hakuna. Uwembe peke yake umesimama kwenye mstari wake!

Kioo changu kikubwa kakiweka pembeni kwa adabu. Kaleta chake, cha mkono mrefu, kinakuza karibu mara mbili tu. Nikasema kidogo hicho. Akasema ukikuza sana utaona uzi wa mbao na jani litakupotea. Hapa unataka kuona uwembe, mstari na kona inayofuata, na mikono ipite chini bila kugonga kitu. Kakisogeza mpaka kikakaa juu ya uwembe wima kabisa. Kikikaa upande, anasema, unaona kitu mahali ambapo hakipo.

Sikumsikia akisema lolote kuhusu jani. Ubao ulikuwa palepale, umefunikwa shuka. Kanywa chai, kasema kazi ni nzuri, mama angefurahi. Kaondoka. Nimebaki nimesimama. Mwanamke huyu ni fundi! Fundi hasa! Miaka ishirini na sita nilikuwa nasikiliza mdomo, sikuwahi kutazama mikono.

Jumanne, 10 Juni

Majani sita! Sita kwa siku moja, na la sita halina tofauti na la kwanza. Kila baada ya saa nalala na kitambaa usoni. Mume wangu kachungulia, kauliza kama nimeshafariki. Nikamwambia aende zake.

Sijui nilielezeje hili. Mstari ni mweusi, uwembe ni mweupe, na kati yao kuna nafasi, naiona! Ninaweza kuamua nipite juu ya mstari au pembeni yake. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuamua. Nilikuwa nimeanza kuhesabu miaka, nijiambie bado miwili, bado mmoja, halafu niuze msumeno. Sikuwahi kuliandika hilo hapa. Leo naliandika kwa sababu limepita.

Nimempigia wifi kumshukuru. Akasema asante ya simu haina chumvi, nimalize kwanza. Kisha akauliza majani yote yako salama? Nikasema yote. Nikakata simu haraka kama niliyeungua.

Kwa nini nimesema yote?

Alhamisi, 12 Juni

Moshi! Nimeamka asubuhi nikafungua dirisha la karakana, nikaenda kuchemsha maji, narudi nakuta harufu ya mbao inayoungua. Jua limepita dirishani, likaingia kwenye kioo cha wifi, likakusanyika kwenye meza, likachimba alama nyeusi kama kitako cha sigara. Shibiri moja kutoka kwenye ubao wa mama mkwe. Shibiri moja!

Na alinionya. Alisema wifi, kioo kikipumzika kivalishwe nguo. Nikadhani ni madoido ya mafundi saa. Sasa kimevaa soksi ya mume wangu, ya kijivu, na yeye anatafuta ya pili nyumba nzima.

Nimemwambia kwenye simu. Kacheka mpaka kakohoa. Kasema karibu kazini, naye aliwahi kuunguza shati la mwalimu wake, mwalimu akiwa ndani yake. Nami nikacheka. Tulicheka pamoja muda mrefu, mimi na yeye! Nikasema moyoni, haya, mwambie sasa. Mwambie jani. Mdomo ukafunguka, ukauliza kama Jumapili ataleta viti.

Jani la mwisho ni kesho kutwa.

Jumamosi, 14 Juni

Saa tisa alasiri. Jani la kitukuu limetoka saa tano, safi. Thelathini na moja.

Nimepiga msasa laini, halafu nikafanya anachofanya yeye kabla ya kumrudishia mtu saa yake: kukagua yote, moja moja, chini ya kioo, mbele na nyuma. La mume wangu limenenepa kidogo, linamfaa. La mwanangu mkubwa zuri. La wifi nimeliacha la mwisho. Tangu nilibandike sikuwahi kulitazama. Nilikuwa nalipita macho pembeni, kama mtu anayempita anayemdai.

Mbele: kovu jembamba kama unywele. Nikageuza ubao.

Gundi yangu haipo. Nakumbuka ilivimba pale nyuma, niliipapasa kwa kidole na nikaona haya. Sasa pamekwanguliwa, laini kama kucha. Na kwenye kikonyo kuna kitone cha manjano. Nikadhani vumbi, nikapuliza. Hakikutoka. Nikasogeza taa ya kushoto. Kikang'aa.

Shaba. Pini ya saa, ya zile anazozishika kwa kibano huku kazuia pumzi. Imezamishwa kwa mshazari kutoka nyuma, ikashona jani na tawi, na kichwa chake kimesawazishwa na mbao mpaka ukucha haukwami. Nimejaribu kulitikisa lile jani. Ni imara kuliko mengine yote thelathini.

Tik, tik, tik. Haikuwa taa.

Kwa hiyo alijua. Nimelala na kitambaa usoni, yeye amesimama hapa, jani lake mwenyewe mkononi, lililokatwa na kufichwa na mimi. Akalishona. Akafunika shuka. Akaniita, akanywa chai, akasifu kazi. Na Jumanne akaniuliza majani yako salama, nikasema yote! Na ameniachia taa na kioo ambavyo, nikivitumia vizuri, lazima siku moja vitanionyesha alichofanya. Ningebaki na ile balbu yangu nisingeona kitu mpaka naingia kaburini.

Nimelia. Nimecheka pia, kidogo. Nampenda yule mwanamke. Haya, nimeandika.

Lango limelia. Sauti yake! Anamuuliza kaka yake mbona kavaa soksi moja. Kaja kusaidia kupaka mafuta kabla ya kesho. Naandika nimesimama. Ubao umelala kifudifudi, taa zote mbili zinawaka, kioo kiko juu ya kile kitone. Naweza kuugeuza, sekunde mbili tu, na asijue kama nimejua. Mkono mmoja umeshika kalamu. Mwingine umeshika ukingo wa ubao na hausogei.

Anavua viatu. Amefika mlangoni. Hajatazama ubao, ananitazama mimi, na ananiuliza kama naona vizuri.