Kofia ya Kihenge Ulichokiacha

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo, halafu nikakaa kidogo, kama vile ungeitika.

Ni miezi miwili sasa tangu presha ikuangushe pale kibandani Msamala, mkasi wa bati ukiwa bado mkononi. Misa ya arobaini imeshasomwa. Mama bado anakupakulia ugali, kisha anakumbuka, anaurudisha sufuriani.

Uliacha kihenge cha mahindi cha yule mama wa Madaba hakijakwisha. Silinda yake ilikuwa imesimama, wazi juu. Kofia, ile pia yenye ncha, umbo la koni, ya kukalia juu yake, ulikuwa hujaikata. Baba mdogo alitaka tumwite fundi mwingine. Nikamwambia aniachie mimi. Sijui nilipata wapi ujasiri.

Nilipima, nikakokotoa eneo la pia kama nilivyofundishwa shuleni: ubavu wake, nikajumlisha na kitako. Bati ulizoacha hazikutosha. Nikakaa chini nikalia, maana nilikumbuka.

Nilikuwa kidato cha tatu, nimekosea swali la namna hiyohiyo. Uliinama juu ya daftari langu, ukaweka kidole pale pia inapokalia silinda. "Hapa zinapokutana hapana bati, mwanangu. Ukiziba hapa, mahindi yanayomiminwa kileleni yatashukaje?" Nami, mbele ya rafiki zangu, nikakujibu, "Baba, wewe umeishia darasa la nne. Haya huyajui."

Hukunigombeza. Ulirudi kwenye nyundo yako. Siku iliyofuata mwalimu alisahihisha vilevile ulivyosema, na sikukuambia. Miaka yote hii, tukila pamoja, tukienda kanisani pamoja, sikukuambia.

Ulikuwa sahihi, Baba. Nisamehe.

Nilikitoa kitako kwenye hesabu. Bati zikatosha, na vipande vikabaki. Siku tatu nilikata na kukunja, viganja vikatoka malengelenge. Mshono mmoja umepinda. Ningetamani uukague, unune kidogo, uniambie, "Fumua, rudia."

Yule mama wa Madaba alipokuja na gari kuchukua kihenge chake, alikizunguka, akakigonga huku na huku, akamuuliza Mama, "Nani kamalizia?" Mama akasema, "Binti yake." Basi. Yule mteja akanishika mkono akaanza kulia, na sisi tukalia naye, dereva akasubiri.

Mwezi ujao naenda chuo cha ualimu. Nakuahidi jambo moja. Siku mwanafunzi wangu atakaponiambia, "Baba nyumbani anafanya hivi," sitacheka, wala sitaacha darasa limcheke. Nitamwita ubaoni atuonyeshe baba yake anavyofanya.

Naishia hapa, Baba, machozi yananichafulia karatasi. Mungu akulaze pema. Kwaheri.

Binti yako,
Skola