Sehemu ya Tisa Imefika Mukuju

Selpher, kitendawili! Nyumba ina benchi ishirini, na aliyekaa ni mwenyewe tu. Umeshindwa? Nipe mji!

Ni kibanda cha video cha Mangeni, mkwe wangu. Nimetoka huko sasa hivi, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Wiki nzima anatangaza sehemu ya tisa ya ile sinema ya magari. "Imejaza kumbi Marekani! Imejaza Uchina! Mukuju ni nani isijae?" Binti yangu Loy, mkewe, akamwambia, "Isipojaa, kibanda ni cha kuku wangu. Sawa?" Mangeni akaendelea kutangaza.

Leo saa nane wakajaa, dada. Walijaa kweli! Kumbe kwa haraka zake ameivusha kutoka Busia ya Kenya kabla veejay, yule anayetafsiri sinema kwa sauti, hajaitafsiri. Kizungu kitupu! Watu wakapiga kelele, "Tafsiri iko wapi?"

Mangeni akashika maiki mwenyewe. Mangeni! Yule Mangeni asiyejua Kizungu hata neno! Mimi mama mkwe nachungulia dirishani. Jambazi analia, anaongea dakika tano nzima. Mangeni: "Anasema ana njaa." Mrembo anafoka, anavunja vyombo. Mangeni: "Na huyu pia ana njaa."

Ana njaa, Selpher!

Mzee Ochwo akainuka. "Kama wote wana njaa, wacha na mimi nikale." Wakatoka wote, wanacheka mpaka barabarani.

Loy akasimama mlangoni, jogoo kwapani. "Baba Patience, nilikuuliza, sawa?"

Maiki ilikuwa bado imewashwa. Mukuju yote ikasikia:

"Leta kuku."